Pua ya Mwizi

Mkulima wa miteremko ya Uluguru humjua panya buku kwa hasara. Huyo ni mgeni wa usiku, ajazaye mashavu yake kwa mavuno ya mwenzake na kurejea nayo shimoni. Lakini chini ya milima hiyo hiyo, mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, panya huyo amepewa kazi ya heshima tangu mwaka 2000, shirika la APOPO lilipofika kutoka Ubelgiji.

Kazi yenyewe ni kunusa. Chombo cha kutafutia chuma hulia kwa msumari kama kiliavyo kwa bomu. Panya hajali chuma, hutafuta harufu ya baruti. Hupita juu ya bomu la ardhini bila kulilipua, maana uzito wake ni kilo moja na kitu. Hufundishwa kwa miezi tisa hivi: akipatia, husikia mlio mdogo, kisha hupewa ndizi. Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alivumbua mabomu na vitu vingine vya kulipuka zaidi ya 100 huko Kambodia. Akapewa nishani ya dhahabu ya Uingereza mwaka 2020, akafa mwaka 2022.

Tangu mwaka 2007 wenzake hunusa pia makohozi yaletwayo kutoka zahanati. Panya mmoja aweza kupitia sampuli 100 kwa dakika 20. Hapa pana jambo zito, kwani mgonjwa ambaye hadubini haikuuona ugonjwa wake hurudi kulala chumba kimoja na wanawe. Hata hivyo, neno la panya peke yake halitoshi: kohozi alilolishuku hupimwa tena maabarani kabla mgonjwa hajaitwa.

Panya wengine wamefundishwa kutambua pembe za ndovu na magamba ya kakakuona. Kwa ajili yao imebuniwa fulana ndogo yenye swichi: panya akivuta kijipira kilichopo kifuani, mlio husikika. Swichi na mlio ni vitu vya kawaida, kama vilivyomo katika kichezeo cha mtoto. Havinusi chochote, humpa sauti yule anusaye.

Amwitaye panya mwizi hakosei, wala ampaye nishani hakosei. Pua iliyotafuta mbegu iliyofukiwa ndiyo itafutayo bomu lililofukiwa. Kilichoongezeka ni mwalimu mwenye subira.