Mjomba Arudi Darasani

Kwetu Mnazi mtu wa miaka arobaini na minne akisema anarudi shule, watu humwangalia mara mbili, kisha humwuliza kama kazini kuna usalama. Mnazi, kwa msomaji asiyepajua, si ile Lushoto ya baridi na mapea wanayoipiga picha watalii. Sisi tuko chini, upande wa pili wa milima ya Usambara. Unateremka kutoka Mlalo mpaka masikio yanaziba, joto linakupokea, na mkonge umepangwa mistari hadi macho yanachoka. Mjomba alizaliwa huko, na mkonge aliujua kabla hajajua kusoma.

Alisoma Mzumbe wakati bado panaitwa IDM, Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, kilichoanzishwa 1972 na kuja kuwa chuo kikuu 2001. Akatoka na stashahada ya juu mwaka 1999, akaajiriwa na kampuni moja ya mkonge mkoani Tanga. Jina sitaji, ziko nyingi. Akawa msimamizi wa shamba, akawa meneja msaidizi, na hapo akaganda miaka minane. Kiti cha meneja mkuu kilipobaki wazi akaletwa kijana kutoka Dar ambaye, sisemi kwa chuki, mwiba wa mkonge ulikuwa haujawahi kumchoma. Alichokuwa nacho ni MBA.

Mwingine angeenda kulalamika kilabuni. Mjomba alijiuliza swali moja tu: huyu bwana mdogo anasema nini mkutanoni ambacho mimi sikisemi?

Maana mkonge haukatwi kama mchicha. Ukipanda leo, unangoja kama miaka mitatu ndipo ukate mara ya kwanza. Baada ya hapo unavuna miaka kumi hivi, hata zaidi, mpaka utoe mlingoti na kufa. Ukiingiwa tamaa ukakata hadi majani ya juu, mwaka huu utajaza singa ghalani, lakini miaka inayofuata utavuna vijani vifupi visivyo na bei. Mjomba alikuwa akiwaambia wakubwa kila mwaka: "Tusikate sana, mmea utachoka." Wakubwa waliitikia kwa vichwa na hawakuandika kitu. "Mmea utachoka" si namba. (Sisi tunaojaribu kuandika tunalijua donda hili. Umeiona hadithi nzima, lakini ukishika kalamu inageuka maneno ya baraza la kahawa.)

Na si kwamba nchi haikuonywa. Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge mwaka 1893, ikapona 62 tu. Mwaka 1964 tulifikia tani kama 230,000. Mwisho wa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kama 20,000. Watu hulaumu kamba za plastiki, wengine kutaifishwa kwa mashamba baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967. Mjomba habishi, ila huongeza: na kukata bila kupanda upya.

Shahada yenyewe ina namna mbili. Iko ya vijana waliotoka chuo juzi, na iko ya watu wenye vyeo tayari, wanaosoma jioni au mwisho wa wiki huku mshahara unaendelea kuingia. Hii ya pili Chuo Kikuu cha Chicago ndicho kilichoianza mwaka 1943, vita vikiwa vinanguruma. Kwetu wapo ESAMI kule Arusha, Mzumbe wenyewe, na kwa anayevuka mpaka, Strathmore ya Nairobi. Mjomba akachagua chuo kimoja cha Dar. Kampuni ikasema mshiko wa ada hakuna.

Likabaki jaruba la bibi, nusu eka ya mpunga kule Kitivo.

"Shule hiyo itakufundisha kulima?" bibi akauliza.

"Hapana, mama. Itanifundisha kusema."

"Kwani wewe bubu?"

Siku tatu hakujibiwa. Siku ya nne bibi akasema uza. Mama yangu, ambaye ni dada yake, hakumsemesha mwezi mzima, maana ada yangu ya kidato cha nne ilikuwa inatoka kwenye jaruba hilohilo. Mimi nilinyamaza. Ningesema nini? Nilianza kurudishwa nyumbani kufuata ada mwaka huohuo.

Miaka miwili alipanda basi kila Ijumaa, akarudi Jumapili usiku macho mekundu. Daftari zake nilizisoma. Nyingi zilikuwa porojo, michoro ya visanduku na mishale. Lakini palikuwa na hesabu moja: shilingi ya leo na shilingi ya miaka mitano ijayo si ndugu, na iko njia ya kuzipima kwenye mzani mmoja. Mjomba akautia mkonge humo. Shamba linalokatwa kwa pupa upande mmoja, linalokatwa kwa adabu upande wa pili, mwaka kwa mwaka mpaka mlingoti. Mmea uliochoka ukapata namba.

Kingine alikipata kwa wenzake. Darasani walikuwamo watu wa benki, wa bandari, na muuguzi mkuu wa hospitali. Mmoja akamwuliza: ikiwa katika jani la mkonge singa ni kama sehemu nne kwa mia, zile tisini na sita mnazipeleka wapi? Mjomba alijua kwamba pale Hale palishajengwa mtambo wa kutoa umeme kwenye makapi hayo. Hakuwahi kujiuliza makapi ya kwao yanagharimu nini kuyatupa.

Aliiweka ile hesabu mbele ya bodi, ukurasa mmoja tu. Mwenyekiti akaomba nakala. Cheo hakikuja. Mabango ya vyuo huchora mtu mwenye tai anapanda ngazi. Mjomba alihama nyumba: yule wa benki alisikia kampuni nyingine inatafuta meneja mkuu anayejua shamba na vitabu, akamtonya. Leo ndiye bosi huko, na ada ya mwaka wangu wa mwisho aliilipa yeye.

Jaruba alitaka kulinunua tena. Mwenye nalo akakataa, kwa bei yoyote. Basi hulikodi kila msimu kwa ajili ya bibi, na analipa kabla ya mvua. Amepiga hesabu, anasema inalipa. Karatasi alimpelekea bibi, akaifungia chumvi.