Nyayo za Guku

Guku, babu yangu, hakupenda viatu. Alisema vinaziba miguu masikio. Asubuhi tuliteremka pamoja kutoka kwenye majabali ya matale yaliyo juu ya kijiji chetu, upande wa Shinyanga, nami nikitakiwa kuutaja udongo kwa kuukanyaga tu. Isanga, changarawe iliyomwagika chini ya mawe. Luseni, mchanga wa karanga na mihogo. Itogolo, mgumu kama sakafu, wa kuchimbia majaruba ya mpunga. Bondeni kabisa, mbuga, nyeusi ti. Nikikosea, narudishwa juu kuanza upya.

Kumbe nilikuwa nikisomeshwa mambo ya miaka zaidi ya bilioni 2, maana jabali la nyanda zetu za kati ni la kale kiasi hicho. Jua la mchana na baridi ya usiku hulibambua maganda kama kitunguu, mvua za Novemba hadi Aprili huliozesha taratibu. Chembe nzito za mchanga hubaki mteremkoni, ulaini wote hukimbilia mbugani. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Usambara, aliupa mfuatano wa namna hii jina la katena, yaani mnyororo. Wasukuma tayari walikuwa na jina la kila pingili.

Mimi nikasoma, nikaajiriwa mjini, nikawa mtu wa viatu. Nilipostaafu nikanunua kiwanja cha bei ya kutupa: tambarare, hakina hata jiwe. Fundi akaniambia, "Mzee, hii ni mbuga. Tuongeze nondo kwenye msingi." Nikamjibu apunguze, si aongeze.

Mbuga ikinywa maji huvimba. Kiangazi hunywea, ikapasuka nyufa za kumeza fimbo ya mchungaji. Guku alinionya kwamba ng'ombe huvunjika miguu humo. Sikuwaza kwamba nyumba nayo ina miguu.

Mwaka jana nilimpeleka mjukuu kilimani. Ngitili ya ukoo, eneo letu la malisho ya akiba, imefunga vizuri, na sifa hiyo ni ya waliohangaika tangu mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, uanze mwaka 1986. Tulipofika katikati ya mteremko, jina la udongo likanipotea. Naye alikuwa amevaa raba.

Ufa wa sebuleni hujifunga masika. Leo, Septemba, unaingia vidole vitatu.