Nairobi Hadi New York, Bila Kushuka

Zamani mtu wa kwetu akienda Marekani tulimhesabia siku, si saa. Baba alipenda kusimulia habari za wanafunzi 81 waliosafirishwa mwaka 1959 kwa juhudi za mwanasiasa Tom Mboya, na za kundi la mwaka uliofuata, alimokuwamo Wangari Maathai. Alisimulia pia jinsi ndege zile zilivyotua hapa na pale kunywa mafuta, kama basi la mashambani.

Nilipoanza kwenda huko miaka ya tisini, kituo kilikuwa kimoja tu, London au Amsterdam, na hapo ndipo palipokuwa na safari yenyewe. Nairobi hadi Amsterdam ni saa nane hivi, kisha nane nyingine hadi New York, lakini katikati unaweza kukaa nusu siku. Nilijua viti vya uwanja wa Schiphol, Amsterdam, ambavyo mtu anaweza kujinyoosha. Nilimjua Mkenya kwa mbali, kwa begi la mkononi lililovimba majani ya chai. Tulikusanyika bila kufahamiana. Mama mmoja aliyekuwa akienda kumwona mjukuu Boston alinipa pasipoti yake, “Mwanangu, nijazie hii fomu,” kisha akafungua mayai ya kuchemsha aliyotoka nayo nyumbani, tukala.

Umbali haujapungua: ni kilomita zipatazo 11,800. Kilichokosekana ili kwenda moja kwa moja ni ruhusa na chombo. Marekani iliukubali usimamizi wa usalama wa anga wa Kenya Februari 2017. Halafu uwanja wa ndege wa Nairobi, ulioko Embakasi, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na ndege iliyoshiba mafuta ya safari ndefu hupaa kwa taabu. Baridi ya usiku husaidia. Tarehe 28 Oktoba 2018 ndege ya Kenya Airways aina ya Dreamliner iling’oa nanga kwenda New York bila kutua njiani, marubani wanne wakipokezana.

Nami nikaja kuipanda. Ni saa 15 kwenda na 14 kurudi, kwa kuwa wakati wa kurudi upepo unakusukuma mgongoni. Tuliondoka usiku, tukatua alfajiri. Mke wangu alinipigia nikiwa kwenye foleni ya uhamiaji. Kwake ilikuwa saa saba mchana, anapakua chakula. Jirani yangu wa kiti alikuwa amevaa vipokea sauti kabla hatujaiacha anga ya Kenya, na hadi tunashuka sikulijua jina lake.

Silalamiki sana. Bibi asiyejua Kiingereza hahangaiki tena kutafuta lango la pili, na hakuna ndege ya kuunganisha ya kukuacha. Mpwa wangu anayesoma New Jersey bado hupitia Doha au Istanbul akipata nauli nafuu, na hunicheka kwa kutupa pesa. Ana miaka ishirini na ushee, analala popote. Mimi, kwa magoti niliyo nayo sasa, nalipa hiyo tofauti.