Kasuku wa Marehemu Kaka

Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 50 na zaidi. Mimi nina miaka 62. Ndiyo maana kila jioni namtoa tunduni nikampitisha mkono kwa mkono: kwa mke wangu, kwa wajukuu, hata kwa jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Nilimrithi kwa marehemu kaka yangu, na kibali kikahamishiwa jina langu. Kaka alijivunia kwamba ndege yule hakumkubali mtu mwingine. Alipofariki, kasuku alijinyonyoa manyoya ya kifua hadi ngozi ikabaki wazi. Daktari wa mifugo hakuona ugonjwa. Watu walisema ni majonzi, na huenda walisema kweli. Lakini pia hakuwa na mkono mwingine wa kuuendea.

Basi, namwekea mkono mbele ya kifua, juu kidogo ya miguu, nasema, "Panda." Akipanda anapata mbegu moja ya alizeti. Moja tu, maana akishiba hafundishiki. Aking'ata, sipigi kelele wala simpigi. Ukelele wa binadamu kwake ni mchezo mtamu, na atang'ata tena ili ausikie. Akipiga mayowe hakuna anayemwendea. Akipiga mluzi, nyumba nzima tunamjibu. Kuwafundisha wajukuu jambo hilo kulinichukua muda mrefu kuliko kumfundisha ndege.

Juzi alimpandia mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka 11, bila kuonyeshwa mbegu, akatulia begani. Nilimwonyesha yule mtoto mahali ninapoweka kibali.