Wakandaji wa Wat Pho

Katika hekalu la Wat Pho, mjini Bangkok, imelazwa sanamu ya Buddha yenye urefu wa mita 46, iliyopakwa dhahabu. Wageni wengi huitazama na kwenda zao. Ingewafaa wazunguke hadi penye vibao vya mawe vilivyochongwa karne ya 19, enzi ya Mfalme Rama III, vikionyesha mwili wa binadamu na mistari yake, ili hata maskini ajifunze tiba.

Shule ya kukanda ilianzishwa hapo mwaka 1955. Mgonjwa hulala juu ya godoro sakafuni, bila kuvua nguo wala kupakwa mafuta. Mkandaji huanzia miguuni, akibonyeza polepole kwa kidole gumba na kwa uzito wa mwili wake, kisha huvinyoosha viungo. Msuli uliokakamaa haushurutishwi. Hungojewa mpaka ulegee. Askari aliyesimama lindo usiku kucha, bunduki begani, anaujua vyema msuli huo.

Nafuu ya mgongo hupatikana, ingawa mara nyingi ni ya muda. Lakini mfupa uliovunjika haukandwi, wala mguu mmoja uliovimba ghafula: damu iliyoganda mshipani yaweza kung'oka ikafika mapafuni. Mkandaji mwema huuliza kwanza, na mgonjwa wa namna hiyo humpeleka hospitali.