Mafua na Jicho

Huku Ukambani mafua hayahesabiwi kama ugonjwa. Kutoka Mutomo hadi Wote, kiangazi kikikolea, vumbi jekundu linaingia hadi kwa sufuria, na ukipiga chafya siku nzima utaambiwa, "Ni vumbi tu, itaisha." Na mara nyingi inaisha kweli. Sainasi ni nafasi zenye hewa ndani ya mifupa ya uso. Zikivimba, kwa kawaida ni virusi, na mwili hujitibu kwa siku kumi hivi. Antibiotiki za kununua mbili mbili kemisti hazisaidii hapo.

Shida ni ile mara moja moja.

Mdogo wangu alikuwa na miaka tisa. Wiki ya pili ya mafua aliamka na homa, jicho la kushoto limevimba hadi likafunga. Zahanati moja ikampa dawa ya matone. Kufikia jioni, ukilifungua hilo jicho, alikuwa anaona vitu viwili viwili. Susu, ambaye hajawahi kukaa darasani, ndiye aliyeamua: "Jicho halivimbi bure. Huyu anaenda leo."

Daktari alitueleza kwamba mfupa unaotenga sainasi na jicho ni mwembamba sana; jina lake la Kilatini lenyewe linaufananisha na karatasi. Usaha ukipenya hapo unaweza kubana neva ya jicho, na mtoto akapofuka. Ukipanda juu, ni homa ya uti wa mgongo au jipu kwenye ubongo.

Alilazwa siku tisa, dawa zikipitia kwa mshipa. Anaona.

Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo, kwa hivyo najua pesa inavyoamua mambo. Makueni, kuanzia 2016, familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa hospitali za kaunti. Hesabu kama hiyo ndiyo huamua kama mgonjwa ataenda leo ama atasubiri siku ya soko mbuzi auzwe. Usaha haungoji soko.

Kwa hivyo mafua yakikushika, pumzika, kunywa maji. Lakini jicho likivimba, ukiona viwili viwili, shingo ikikakamaa, kichwa kikiuma kuliko kawaida, au mtu akianza kuchanganyikiwa, usiulize kama ni vumbi. Tafuta boda, uende hospitali usiku huo huo.