Tochi iko mkononi mwa nani?

Ndugu zangu, kuna jambo limenikaa kichwani wiki nzima, leo naomba nilitue.

Tangu chekechea tumeimbishwa kwamba nuru ni njema na giza ni baya. Elimu ni nuru, ujinga ni giza. Mwizi huja usiku, mchawi naye hivyo hivyo. Hata sisi waandishi wa habari tunajisifu kwa lugha hiyo: tunamulika, tunafichua, tunaanika hadharani. Sasa mbona riwaya zinazotabiri dunia mbovu, zile ambazo serikali inataka kumtawala raia mpaka ndani ya fuvu lake, zinaigeuza hesabu hii juu chini?

Labda Kiswahili kilishatuonya. Mwanga ni nuru, lakini mwanga ni yule yule mchawi anayewanga usiku kwenye ua wa jirani. Neno ni moja, na unapolisikia inabidi uangalie linakuja na nini.

Tuanze na George Orwell. Wengi tunamjua kwa Shamba la Wanyama, lakini mimi nazungumzia 1984, riwaya iliyotoka Juni 1949. Kurasa za mwanzo tu, Winston Smith anapanda ngazi ghorofa saba kwa miguu. Lifti haina umeme, kwa sababu mchana umeme unakatwa ili kubana matumizi kabla ya Wiki ya Chuki. (Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji maelezo hapo!) Anafika chumbani akihema, na anakuta runinga ya Chama inaongea kama kawaida. Runinga hiyo inakutazama wakati wewe unaitazama. Unaweza kuipunguza sauti, kuizima kabisa huwezi. Yaani umeme wa kukupandisha nyumbani hakuna, umeme wa kukuchungulia upo!

Orwell anasema jambo jingine hapo hapo ambalo ni rahisi kulipita: katika nchi ile mtu anaishi akijua kwamba kila anachosema kinasikika na kila anachofanya kinaonekana, isipokuwa gizani. Giza ndilo peke yake lisilo na macho ya Chama.

Halafu kuna ile ndoto. Miaka saba kabla, Winston aliota yuko kwenye chumba chenye giza totoro, na sauti ikamwambia kwamba watakutana mahali ambapo giza halipo. Baadaye anaamini ilikuwa sauti ya O'Brien, bosi mmoja wa Chama anayemdhania kuwa mpinzani mwenzake wa siri. Ahadi ile anaishikilia kama matumaini, na nani asingeishikilia? Mtu akikuahidi mahali pasipo giza, unafikiria uhuru. Kumbe ni mahabusu ya Wizara ya Upendo! Jengo lisilo na dirisha hata moja, ndani vigae vyeupe vinavyong'aa, taa hazizimwi abadani. Winston hajui kama nje ni usiku au mchana. Ahadi imetimia neno kwa neno.

Orwell hakuanza peke yake. Mrusi Yevgeny Zamyatin aliandika riwaya iitwayo We, ikachapishwa kwa Kiingereza mwaka 1924, na Orwell aliichambua gazetini mwaka 1946. Humo watu wanaishi kwenye nyumba za vioo. Jua linaingia kila pembe, na jirani anakuona ukila na ukilala. Ukitaka kushusha pazia ni kwa kibali, tena kwa saa maalumu za mapenzi tu. Mji mzima unameremeta, na hakuna mwenye siri wala jina, kila mtu ana namba.

Je, nuru yenyewe ndiyo mbaya? Hapana. Ray Bradbury, katika Fahrenheit 451 ya mwaka 1953, anampa Montag kazi ya kuchoma vitabu. Kitabu chote moto ni wa kuteketeza. Mwishoni Montag anakimbia usiku na kukuta wazee wameuzunguka moto mdogo, wanaota. Anashangaa, hakuwahi kujua kwamba moto unaweza pia kumpa mtu joto. Moto ni ule ule, waliouwasha ndio tofauti.

Hapa ndipo jambo hili linanigusa mimi na kazi yangu. Mwaka jana nilikuwa nafuatilia habari ya mishahara hewa katika ofisi moja. Mama mmoja aliyekuwa na karatasi zote mkononi alikataa kuja chumba cha habari. Alinitaka nije usiku, simu niiache nyumbani, na taa ya barazani kwake akaizima. Aliniita mwanangu, akaniambia ana watoto watatu wanaosoma na mshahara wake ni ule mmoja tu. Tuliongea saa mbili bila mimi kuuona uso wake vizuri. Habari ilitoka, jina lake halikutoka. Bila lile giza la barazani, mwanga wa ukurasa wa mbele usingekuwepo.

Rafiki yangu mmoja ananibishia: hata fisadi anapenda giza, utamtetea naye? La hasha. Anayetumia fedha za umma hana haki ya kuzima taa ofisini, mahesabu yake yaanikwe juani. Lakini mwananchi anayemshtaki, anayeandika shajara yake, anayempenda ampendaye, huyo aachiwe pazia lake. Winston na mama yule hawakuwa wanaficha wizi. Walikuwa wanatafuta nafasi ya kusema kweli.

Kwa hiyo safari nyingine mtu akituahidi kuleta mwanga, kamera kila kona, kila laini ya simu na kila jina kwenye daftari moja, tusipige makofi haraka. Umewahi kumulikwa tochi usoni usiku? Wewe unaonekana mpaka kope, aliyeishika humuoni hata kivuli. Tumuulize kwanza kama yuko tayari kuigeuza ijimulike na yeye.

Au nyie mnaonaje?